Muriel wa kwenye Mifano

Waingereza wana maneno mawili, "jealous" na "envious", na nusu yao hawajui lipi ni lipi. Watakutajia la kwanza kwa yote mawili, na ukiwabana wanakuambia ni mamoja. Si mamoja, bwana. Sisi Tanga tumelijua hilo tangu utotoni: wivu ni wa kilicho chako, unaogopa usije ukaporwa. Kijicho ni cha mali ya mwenzio. Jirani yangu Muriel Ackroyd alikuwa na wivu. Mimi mwishowe nilipata lile jingine, na wala sioni haya kulisema.

Tuliishi ukuta kwa ukuta, Muriel na mumewe Norris upande ule, mimi na Athumani wangu upande huu, kwenye mji wa viwanda vya mazulia huko Yorkshire. Athumani alikuwa fundi wa mabasi, mimi nilifua mashuka ya hospitali mpaka nikastaafu. Ule ukuta wetu ulikuwa jina tu. Norris akikohoa, mimi namwambia pole.

Muriel alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na koti lake la mvua la njano alilivaa hata siku ya jua, maana jua la kule halina adabu. Kila mtu alimwita mpenzi. Mpenzi dereva, mpenzi mchukua taka, mpenzi aliyekuja kukata gesi. Ukisikia anakuita kwa jina lako, ujue umeharibu.

Muriel aliingia kiwanda cha mazulia akiwa msichana mdogo. Mashine za kufumia zilikuwa zinapiga kelele hata sauti yako mwenyewe huisikii, kwa hiyo wafumaji walikuwa na mazungumzo yao ya midomo. Wanaitanua, wanaikunja, wanaivuta, sauti hakuna, na mwenzako wa ng'ambo anakusoma mdomoni kama kawaida. Mle ndani watu waligombana, walisengenyana, walikopeshana sukari, yote kimya. Norris alikuwa mashine ya ng'ambo. Alimtongoza Muriel vivyo hivyo, mdomo mtupu, huku zulia linaendelea kufumwa.

"Alikuwa na maneno huyo," Muriel aliniambia siku moja tukianika nguo. "Huwezi kuamini ukimwona sasa. Nilikosea maua ya zulia zima kwa ajili ya maneno yake, nikakatwa mshahara."

Kiwanda kilifungwa, mashine zikauzwa, na maneno ya Norris nayo yakaenda nazo. Nyumbani alikuwa mtu wa "ehee" na "si mbaya". Umpikie nyama ya kuoka, si mbaya. Ununue mapazia mapya, si mbaya. Muriel alipojifungua binti yao, alisema mtoto si mbaya. Asubuhi anakaa na fumbo la maneno la gazetini, anajaza vijumba vyake na penseli, na hapo ndipo maneno yake yote yalipoishia. Muriel alikuwa amezoea. Alisema mume wake ameumbwa hivyo, na wapo walioumbwa vibaya zaidi.

Basi ukumbi wa kanisa ukaanzisha darasa la Kiingereza kwa wageni. Wapolandi walikuwa wameingia wengi mjini, na Wakurdi, na Wareno wa kiwanda cha kuku. Mke wa mchungaji akauliza nani atajitolea kufundisha, na Norris akanyanyua mkono. Muriel aliniapia kwamba alidhani anajikuna.

Kumbe mtu mwenyewe alikuwa anafaa. Wageni walijua maneno, ila walishindwa kuyatenganisha yale yanayofanana. Na miaka yote ile ya kujaza vijumba ilikuwa imemfundisha Norris hasa hilo, kwamba maneno mawili yanaweza kukaa mlango mmoja na yasiwe ndugu. Kila Jumanne jioni akaenda. Kila Jumanne akarudi anapiga mluzi.

Mluzi ndio ulioanza kumla Muriel. Halafu Norris akaanza kunyoa ndevu siku hiyo mara ya pili. Halafu akatoa kabatini sweta la kijani ambalo Muriel mwenyewe alimfumia zamani, na yeye alikuwa amelikataa kwa kuwa linawasha.

"Sasa haliwashi," Muriel akaniambia juu ya ukuta wa uani. "Saumu, sweta lile halijabadilika. Kilichobadilika ni nini?"

Ameniita Saumu. Nikajua pana jambo.

"Labda baridi imezidi," nikasema.

"Nimemuuliza jana, darasa lilikuwaje. Unajua kanijibu nini?"

"Si mbaya."

"Si mbaya! Mtu ametoka huko anacheka peke yake barabarani, nimemwona kwa dirisha, ameingia ndani akafunga mdomo kama amefunga duka."

Nikamwambia aache kujitia presha, mwanamume akicheka si dhambi. Akanikata jicho, akaingia ndani.

Ijumaa tukaenda naye duka la samaki na chipsi. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, nusu ya mtaa imo. Mara mwanamke wa mbele yetu akageuka. Mpolandi, mjane wa miaka hamsini na kitu, anaitwa Halina, anashona mapazia duka la kona. Koti jekundu, nywele kazikusanya juu, ananukia vizuri hata kwenye harufu ya mafuta ya samaki. Akamtazama Muriel juu mpaka chini, uso ukamchanua.

"Koti njano!" akasema. "Wewe Muriel! Mke wa Norris! Mimi Halina. Mimi na mume wako tuko 'intimate' sana. Kila Jumanne."

Sasa neno hilo, "intimate", kamusi inalikalisha pembeni ya urafiki wa karibu, na ukilisoma huko unaliona ni neno zuri la heshima. Lakini kwa Waingereza mtu na mume wa mtu wakiwa "intimate", wanazungumziwa kitanda. Muuza chipsi alisimamisha chujio hewani, mafuta yanadondoka. Mzee mmoja nyuma yetu akasema, "Mh." Na yeye Halina anatabasamu tu, anangojea kupewa mkono.

Muriel akampa mkono. Akasema amefurahi kumfahamu. Foleni kwa watu wale haikatwi, hata dunia ikipinduka, kwa hiyo akasimama mpaka zamu yake, akaagiza samaki wawili, akaomba siki kidogo, akashukuru. Tulipotoka nje akanipa wale samaki wote wawili.

"Kale, mpelekee na Athumani. Leo yule bwana atakula nyama baridi."

"Muriel, yule mama Kiingereza hakijui. Amekosea neno."

"Kila Jumanne amelikosea?"

"Dada yangu, tulia."

"Na koti langu kalijuaje? Hanijui, sijawahi kukanyaga pale darasani, anajua mpaka rangi ya koti langu. Wamekaa wakaniteta."

Hilo hata mimi lilinikwaza.

Angeweza kumuuliza mumewe. Lakini hakumuuliza, si wanaoishi kwa kuulizana wale. Alimwekea nyama baridi Ijumaa, nyama baridi Jumamosi, nyama baridi Jumapili baada ya kanisa, wakati nyumba zote za mtaa zinanukia nyama ya kuoka. Masufuria nilikuwa nayasikia yanavyotuliwa kwa kishindo. Na Norris, kupitia ukuta, nikamsikia kwa masikio yangu akisema nyama si mbaya. Nilimwonea huruma kidogo, halafu nikakumbuka Jumanne nikaacha.

Jumatatu Muriel akaja kwangu na begi tupu, ameazima kwa binti yake.

"Nakwenda Bridlington kwa dada yangu Beryl. Ana chumba."

"Kwa siku ngapi?"

"Nimekuambia siku, mimi?" Akakaa, akakunja mikono. "Kama ana maneno, ana maneno ya kuwapa wengine. Mimi miaka yote naombwa chumvi tu. Kwanza kesho nataka nikaone kwa macho yangu. Baada ya hapo nafunga begi. Na wewe utanisindikiza, maana nikiwa peke yangu nitamtupia mtu kitu."

Jumanne tukapita mlango wa nyuma wa ukumbi, tukaingia jikoni. Kati ya jiko na ukumbi kuna kidirisha cha mbao cha kupitishia chai. Tukakisukuma kidogo, tukachungulia, yeye chini mimi juu.

Walikuwa kama kumi hivi, wamekaa viti vya watoto wa shule ya Jumapili, magoti yamefika kidevuni. Kulikuwa na kinyozi Mkurdi, Aram, wa karibu na stendi. Mume na mke Wareno. Halina mstari wa mbele, koti jekundu mgongoni mwa kiti. Na Norris amesimama ndani ya sweta lake la kijani, anazungumza. Wallahi mtu yule alikuwa anazungumza, mikono inakwenda, nyusi zinakwenda. Kwa muda ule mfupi alisema maneno mengi kuliko yote niliyomsikia tangu nihamie.

Halina akacheka, Norris akacheka. Nikausikia mkono wa Muriel umenishika kifundo cha mkono, kucha zimeingia. Nikamtazama, machozi yamemjaa kwa hasira.

"Mwone," akanong'ona. "Mwone anavyomchekea."

Wakati huohuo Halina akanyanyua mkono. "Mwalimu, 'fond' na 'love'. Mimi nasema 'fond' kwa paka, 'love' kwa paka. Sawa, si sawa?"

Norris akashusha pumzi. Aram akawageukia wenzake. "Mnaona, hapa lazima tena Muriel," akasema, na darasa zima likacheka.

Zile kucha zikaniachia.

"Nami ningetumia nani?" Norris akasema. "Haya. Mimi chai yenye sukari tatu niko 'fond' nayo. Daktari alipokataza sukari, Muriel akaificha. Nikamnunia wiki nzima. Akaanza kuoka keki zisizo na sukari. Jamani, keki zile. Ukiuma unadhani umeuma sifongo ya kuogea. Sasa sikilizeni. Kitu ambacho uko 'fond' nacho, kikiharibika ladha unakiacha. Mimi mpaka leo kila Jumamosi nakula keki ile, nikimaliza naomba kipande cha pili, kwa kuwa najua alikesha anasoma maandishi ya pakiti kwa miwani. Kile kipande cha pili ndiyo 'love'."

Wakaandika. Mreno mwanamume aliandika ulimi umemtoka nje.

Nikamtazama Muriel nikitaraji ameyeyuka. Loo. Alikuwa mwekundu kuliko koti la Halina.

"Sifongo?" akasema, wala si kwa kunong'ona, akakipiga kile kidirisha kikafunguka chote.

Ukumbi mzima ukageuka. Norris mdomo ukabaki wazi. Halafu darasa likasimama, mmoja mmoja, kama kanisani bibi arusi akiingia.

"Muriel!" akasema mke wa Mreno, amejishika kifua. "Muriel wa 'house' na 'home'!"

"Ni yeye, koti njano," akasema Halina.

Aram akaja mpaka kidirishani, kainamisha kichwa kwa adabu. "Shikamoo mama. Nyongo inaendeleaje?"

"Nyongo?"

"Mwalimu alitufundisha. Wewe ulipolazwa kukatwa nyongo, yeye alibaki na 'house'. Alikuwa na kuta, jiko na kitanda. 'Home' hakuwa nayo mpaka uliporudi. Mimi mke wangu yuko kwetu Sulaymaniyah, kwa hiyo nilielewa siku ileile."

Muriel alimtazama Aram, akamtazama Norris, ambaye sasa alikuwa anakagua viatu vyake.

"Na yule," akasema, kidole kwa Halina, "anayesema mko 'intimate'?"

Mtu aliyeona haya sijaona kama Norris jioni ile, alikuwa mwekundu mpaka kwenye masikio. Akaenda kwa Halina, akamwambia taratibu neno lile linatumika wapi. Halina akafunika uso kwa mikono miwili.

"Kwenye foleni," akasema humo ndani ya mikono. "Watu wote. Mama, nisamehe. Nilitaka kusema anatuambia mambo ya moyo. Mambo yako. Sisi hapa wote tunakujua."

"Ndiyo, naona mnanijua," Muriel akasema.

Mimi nilidhani yameisha. Njiani nikaanza kumtania, nikamwambia umeona, ulikuwa unajichoma roho bure, mumeo kutwa ni Muriel, Muriel. Tulipofika mlangoni kwake akasimama.

"Saumu, mimi nilikuwa namwonea wivu Halina," akasema. "Sasa namwonea wivu huyo Muriel wa kwenye mifano. Yeye anaambiwa yote. Kinyozi anaambiwa. Mimi niliyekatwa hiyo nyongo, niliporudi hospitali unajua aliniambia nini?"

Nilijua.

"Ni maneno yangu yale," akasema. "Anayagawa kwa watu kama peremende. Kesho naondoka, na huko nitakaa."

Na begi alilifunga kweli. Asubuhi nikawasindikiza stendi, kwa kuwa nilikuwa na hamu ya kuona na kwa kuwa sikuwa na moyo wa kumwacha. Norris kabeba begi. Kavaa lile sweta. Usiku kucha niliwasikia kimya kupitia ukuta, na kimya cha watu wasiolala unakijua, kina kugeukageuka kwingi.

Stendi palikuwa na watu. Wanawake wawili wa sokoni, mzee na mbwa, na yule muuza chipsi, kama vile ameitwa. Norris akatua begi. Akafungua mdomo, akamwona muuza chipsi, akaufunga.

"Una la kusema?" Muriel akauliza.

Norris akakohoa. "Nimekufungia mkate wa jibini," akasema. "Uko mfuko wa nje."

"Ehee," Muriel akasema, kwa sauti ya mumewe kabisa, akapanda basi.

Akakaa dirishani, uso mbele, begi mapajani. Dereva akawasha injini, na injini za mabasi yale Athumani anazijua, zinanguruma mpaka vioo vinatetemeka. Hapo ndipo Norris alipopiga hatua moja akasimama chini ya dirisha lake, katikati ya ile kelele, akatanua mdomo. Sauti hakutoa. Midomo ikaenda, mikubwa, taratibu, ikitanuka na kukunjika, kidole chake kikiashiria mara huku mara kule. Muriel alikuwa hatazami. Halafu nadhani aliona kwa pembe ya jicho, maana aligeuka, uso ukamlegea kama msichana aliyeitwa.

Norris akarudia tangu mwanzo. Muriel akafuta kioo kwa mkono wa koti, akatazama mpaka mwisho. Kisha naye akamjibu, midomo tu. Basi likaondoka.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza Norris.

"Habari za mkate," akasema.

Watu wote wa pale stendi walikuwa wameona, na hakuna aliyeambulia kitu. Muuza chipsi aliniuliza mimi, eti labda najua.

Jumapili saa tisa nikasikia mlango wao, kisha masufuria yakituliwa, polepole. Harufu ya nyama ya kuoka ikapita ukutani. Sikungoja kualikwa, nikatoka na kibakuli kama mwenye kuomba chumvi. Muriel alinifungulia, aproni ishafungwa.

"Ingia, mpenzi," akasema.

Nikamwambia siingii mpaka aniambie. Akatazama nyuma, Norris alikuwa kwenye kiti chake na gazeti. Akanivutia kizingitini, akafunga mlango kidogo.

"Ni maneno mawili," akasema. "'Alone' na 'lonely'. Kasema nikirudi Jumapili, atakuwa peke yake tu, atakula nyama baridi, atajaza fumbo lake, haina neno. Nisiporudi Jumapili, hapo ndipo litaanza lile la pili, la upweke, na hilo yeye haliwezi." Akajifuta pua kwa aproni. "Nikamjibu, haya, Jumapili."

"Muriel, hayo ni mazuri kuliko ya nyongo."

"Ni yangu," akasema. "Hakuyasema darasani na hatayasema. Nimemwambia akiyatumia pale Jumanne hata mara moja, nitarudi Bridlington. Na wewe usimwambie Halina."

Kutoka ndani Norris akauliza kama nyama iko tayari, inanukia si mbaya. Muriel akanifungia mlango usoni, bila ubaya.

Nikarudi kwangu na kibakuli kitupu. Athumani alikuwa kwenye kochi, mpira uko kwenye televisheni, kelele za uwanja zimejaa sebule. Nilisimama pale mlangoni, na kijicho nilichokuwa nacho wakati ule, Mungu ndiye anajua. Nikamngoja anitazame. Alipotazama nikatanua mdomo, nikaukunja, nikautanua tena, taratibu, nikamwambia bila sauti jambo ambalo sijamwambia tangu tuko Tanga.

Athumani akapunguza sauti ya televisheni.

"Jino linakuuma?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo.